Fimbo Iliyorushwa kwa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Edinah alipanga manyoya juu ya meza yake katika karakana ya kufunga nzi wa kuvulia samaki mjini Kitale. Manyoya ya jogoo mwekundu yalikaa kushoto, ya kanga katikati, na uzi mwembamba ukakaa kulia, karibu na kopo la ndoana. Kutokana na vitu hivyo alitengeneza nzi wa bandia, wadogo kama punje za mtama, ambao wavuvi wa mbali waliwatumia kuwalaghai samaki. Ilikuwa kazi ya kimya, nayo ilimfaa, kwa kuwa Edinah alikuwa mtu wa soni. Maneno yake mengi yaliishia kooni.

Asubuhi moja ya mwaka wa 2006, akiwa ameubana unyoya wa kanga kwa midomo, simu yake ililia. Alikuwa kaka yake, Wekoye, akipiga kutoka Bungoma.

"Edi, Papa amekubali," alisema. "Jumamosi anaenda mtoni na wazee wenzake. Na mimi nimeshapata fimbo ya kuvulia. Wewe kuja tu tuilipie."

Unyoya ulimdondoka.

Baba yao, Mzee Sifuna wa Kamukuywa, alikuwa amelinda mito ya Mlima Elgon tangu ujana wake. Aliwajua samaki wa trauti kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake, na wageni wengi walijifunza kwake jinsi ya kurusha mshipi mwembamba ukatua juu ya maji bila kishindo. Kisha siku moja aliteleza juu ya jiwe, bega lake la kulia likavunjika pamoja na fimbo yake. Bega liliungwa hospitalini. Fimbo haikuungika. Tangu hapo mzee alistaafu, akawa mtu wa kukaa mlangoni akiutazama mlima. Wenzake walipomwalika mtoni alijibu kwamba ana kazi shambani, na shambani hakwenda.

Wekoye aliamini kwamba kilichokosekana ni fimbo tu. Edinah alikuwa amemwona baba akiinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, akakunja uso, kisha akakihamishia kushoto alipodhani hakuna anayemtazama. Mzee hakukosa fimbo. Alikuwa akiliogopa bega lake. Akishindwa kurusha mbele ya wenzake Jumamosi hiyo, hatashika fimbo tena maishani.

Jambo jingine alilijua Edinah peke yake. Tangu utotoni alifuatana na baba mtoni. Watu walipouliza msichana anatafuta nini huko, mzee alijibu, "Ni mchukuzi wangu wa mfuko." Walicheka, wakaenda zao. Lakini mto ulipopinda, macho ya watu yasipofika, baba alimpa fimbo mkononi. Huko ndiko alikojifunza. Jina hilo la mchukuzi lilimkinga dhidi ya maneno ya watu, hilo alilifahamu, ila kila aliposikia likitajwa lilimchoma kidogo, kama mfupa wa samaki uliokwama kooni. Baba hakuwahi kumwita jina jingine.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akateremka Bungoma.

Duka la Mzee Yakub lilikuwa karibu na msikiti, limejaa taa za karabai, vyandarua, viatu vya mvua na vitu vilivyoachwa na watu waliohama mashamba ya Kitale. Fimbo aliyoipata Wekoye ilisimamishwa mlangoni ili kila mpita njia aione. Ilikuwa nyeusi ya kung'aa, yenye pete za rangi ya dhahabu na mpini uliofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Wekoye aliishika kama bwana harusi ashikavyo mkono wa bibi harusi. Aliitikisa mara mbili hewani, ikalia *fyu, fyu*, akageuka amwone dada yake atasema nini.

Mzee Yakub naye hakuupa ulimi likizo. Alisema fimbo hiyo haivunjiki, haipindi, haina mpinzani kutoka Sirisia hadi Suam. Alisema hata mtu asiyejua kuvua akiishika samaki watajileta wenyewe. Edinah alisikiliza, macho yake yakiwa sakafuni. Kitu ambacho hakipindi ndicho hasa alichokihofia.

"Ami Yakub," alisema kwa sauti ndogo, "naomba tuifungie mshipi, niirushe kidogo pale uwanjani."

Wekoye alimvuta kando. Alimkumbusha desturi ya nyumbani kwao: zawadi ya mzee haitanguliwi na mkono wa mtoto. Koti la baba halivaliwi kwanza na mwana, na kigoda chake hakikaliwi kabla yeye hajakikalia. Kuijaribu fimbo ya Papa kungekuwa sawa na kumwandalia chakula kilichokwisha kumegwa.

"Ati uirushe mbele ya watu wote hawa?" alinong'ona. "Tutaonekana hatumwamini mzee wa watu. Si unaiona ni nzuri, bana."

Kwa kawaida Edinah angenyamaza.  Lakini alikiwaza kile kikombe cha chai, na mkono uliokihamisha.

"Kaka," alisema, "ule mwezi ulinunua ng'ombe wa kulima pale sokoni Kamukuywa. Ulimlipia kabla hajavuta gogo?"

 Soko zima lilimkumbuka Wekoye kwa siku ile. Alikuwa amekataa kutoa hata thumni mpaka yule fahali mnene, aliyesifiwa na muuzaji hadi mate yakamkauka, afungwe nira na kukokota gogo. Fahali alikokota hatua chache akalala chini. Akanunuliwa mwingine, mwembamba, ambaye hakuna aliyekuwa akimsifu, naye ndiye aliyelima shamba lote la Papa.

Mzee Yakub, aliyekuwa amesikia kila neno, aliangua kicheko. "Kijana, dada yako amekufunga kinywa. Chukueni, mkairushe. Mimi simfichi mteja."

Uwanja ulikuwa nyuma ya maduka. Edinah alifunga kigurudumu cha mshipi, akaupitisha mshipi katika zile pete za dhahabu. Watu walianza kusogea. Wanawake wa sokoni waliweka vikapu chini. Kijana mmoja aliuliza kama anataka kuvua panzi, na wenzake wakacheka. Edinah alihisi uso ukimwaka moto. Hata hivyo alijikaza, kisha akafanya jambo lililomshangaza kaka yake. Aliihamishia fimbo mkono wa kushoto.

"Si wewe ni wa kulia?" Wekoye aliuliza.

"Mkono wangu wa kushoto ndio dhaifu," alijibu. "Ndio unaofanana na wa Papa."

Wekoye alirudi nyuma, akampisha arushe.

Edinah alirusha. Ile fimbo nyeusi ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe. Haikupinda, basi kazi yote ilirudi begani. Mshipi uliinuka kwa shida, ukaanguka mbele yake kama utumbo wa kuku. Alirusha tena kwa nguvu zaidi, na maumivu yakampanda hadi shingoni. Yule kijana wa panzi aliangua kicheko tena. Wekoye hakucheka. Aliomba fimbo, akajaribu kwa mkono wake wa kushoto, kisha akairudisha polepole huku akijisugua bega.

"Hii ni ya mtu mwenye misuli, avulie ziwani," Mzee Yakub alikiri. "Mngeniambia mapema habari ya bega la mzee."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nyumbani kwenyewe hakuna aliyelitaja.

Ndipo Edinah alipouliza kuhusu kile kitu kirefu alichokiona juu ya kabati dukani, ndani ya mfuko wa khaki uliopauka. Mzee Yakub alisema hiyo ni fimbo ya zamani, haina rangi, na hajawahi hata kuitoa amwonyeshe mtu. Aliileta, akaipangusa vumbi kwa kanzu yake. Ilikuwa ya hudhurungi, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu wasiojulikana.

Edinah aliifungia mshipi uleule. Aliinua mkono wa kushoto, na fimbo ikapinda taratibu kutoka nchani hadi karibu na kiganja, kama bua la mtama linapopepewa na upepo. Alisubiri kidogo nyuma, akaipeleka mbele. Bega halikufanya kitu. Mshipi ulifunguka hewani, ukanyooka, ukalala juu ya nyasi kimya. Alirudia, ukaenda mbali zaidi. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule kijana wa panzi aliuliza kwa heshima kama naye anaweza kufundishwa.

"Tutampelekea Papa kitu kikuukuu?" Wekoye aliuliza, lakini tayari alikuwa ameushika ule mfuko wa khaki.

Jumamosi, wazee walikusanyika kando ya mto, chini ya msitu wa mlima, maji yakipita baridi juu ya mawe. Wekoye alimkabidhi baba zawadi kwa mikono miwili, uso umemshuka. Aliomba radhi kwamba si mpya. Akaomba radhi pia kwamba mkono wa mtoto umeitangulia.

"Nani aliirusha?" Mzee Sifuna aliuliza.

"Mimi, Papa," Edinah alisema. "Kwa mkono wa kushoto, ule dhaifu."

Mzee aliipokea fimbo.  Alichagua nzi mmoja wa manyoya ya kanga aliyefungwa na binti yake, akaingia majini hadi magotini.  Mshipi wa kwanza ulianguka karibu, na Edinah akaona bega la baba likishtuka. Mzee alisimama tuli. Kisha akalegeza mkono, akaiacha fimbo ifanye kazi yake. Ilipinda hadi kiganjani, mshipi ukapita juu ya maji ukatua chini ya ukingo wa ng'ambo, laini kama jani. Alirusha tena, na tena, akitabasamu peke yake kama mtu aliyekutana njiani na rafiki aliyedhani amekufa.

Kisha akatoka majini, akampa Edinah ile fimbo. Si nyuma ya kona ya mto. Pale pale, mbele ya wote.

"Sifuna," alitania Mzee Nasir, mmoja wa wazee wale, aliyekuwa dereva wa walinzi wa mito zamani, "leo mchukuzi wa mfuko naye anavua?"

Edinah alisikia lile neno likimchoma pale pale pa siku zote. Hata hivyo aliingia majini. Alirusha kwa mkono wa kulia, mkono wake wa kweli, na mshipi ukaenda pale ambapo wa baba haukufika. Yule nzi wa kanga aliteremka na maji kidogo, kisha maji yakapasuka. Samaki aliruka, ubavu wake ukimeta, na fimbo ikapinda kama upinde. Alipomleta ukingoni Mzee Nasir alivua kofia.

"Huyu amefundishwa na nani?" aliuliza, bila utani sasa.

Mzee Sifuna alisogea akasimama kando ya binti yake. Aliweka mkono wa kulia, ule wenye bega bovu, juu ya bega lake. Alikohoa, kwa kuwa soni Edinah aliirithi kwake.

"Nasir, nilikudanganya miaka yote hiyo," alisema. "Niliogopa watu watamcheka, nikasema ananibebea mfuko. Huyu si mchukuzi. Huyu ni mvuvi, na ananishinda mimi. Na bega hili linaniuma, nilikaa nyumbani kwa kuliogopa, na ni yeye peke yake aliyeliona bila kuambiwa. Sikumsifu hata siku moja, wala yeye hakujisifu. Leo mmejionea wenyewe, fimbo na aliyeishika: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."