Pimbi na Wageni Rasmi wa Nguzo za Umeme

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, wanyama wa Bonde la Ngurumo walikuwa na gurudumu lao kubwa kwenye maporomoko ya mto. Maji yakilisukuma gurudumu, umeme unatoka, unapita kwenye waya na kuingia majumbani. Msiniulize ufundi huo walijifunza wapi. Mimi kazi yangu kusimulia.

Ila umeme wenyewe ulikuwa umechakaa. Mfereji wa kuleta maji kwenye gurudumu ulijaa tope. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, nyingine zimebaki wima kwa sababu tu waya ulikuwa unazishikilia. Na huo waya ulikuwa umekatika na kuungwa, ukakatika na kuungwa, mpaka ukawa mafundo matupu. Jioni ikifika, Mzee Tembo anawasha jiko lake kubwa, Kiboko anawasha pampu ya bafu, Bwana Nyati anawasha redio na taa zote za uani. Hapo taa za wadogo walioko mwisho wa waya zinaanza kufifia, zinafifia, halafu zii.

Mwisho kabisa wa waya, kwenye majabali, aliishi pimbi mmoja jina lake Sikudhani. Pimbi mnawajua, wanangu. Wana manyoya, lakini baridi inawaingia upesi, ndiyo maana asubuhi mnawaona juu ya mawe wanaota jua. Mtoto wa pimbi akizaliwa wakati wa kipupwe, jua halionekani, inabidi alazwe chini ya balbu inayowaka, vile vile mnavyowalaza vifaranga.

Kipupwe kilichopita Sikudhani alijifungua mtoto mmoja. Jioni wakubwa wakapika, wakaoga, wakasikiliza redio, na balbu ya Sikudhani ikazimika. Alimkumbatia mwanawe, akampulizia pumzi, akamfunika kwa kila nguo iliyokuwamo ndani. Kulipokucha mtoto alikuwa ameshapoa. Sikudhani alilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikuwa mjamzito tena, na kipupwe kingine kilikuwa njiani.

Akaenda kwenye kikao cha bonde. Akasimama mbele ya wakubwa akasema yote, hakuficha hata lile la mtoto. Akaomba mfereji uzibuliwe, nguzo zibadilishwe na waya mpya utafutwe kabla ya baridi.

Wakubwa walimsikiliza vizuri sana. Wakatikisa vichwa, wakampa pole. Kisha wakaanza kueleza ugumu wa maisha. Mvua zilikuwa zimegoma, bei ya mahindi ilikuwa inapanda wiki hii na kuporomoka wiki inayofuata, na hakuna aliyeweza kusema mwakani kutakuwaje. Kila mwenye ghala alikuwa amelifunga na kulala mlangoni. Kiboko akasema jambo lenyewe ni zuri, ila wakati wake bado. Nyati akasema yeye yuko tayari kabisa kutoa, mara tu atakapoona Tembo ametoa. Tembo akasema kwa heshima aliyonayo yeye hatangulii, yeye ni wa kufunga.

"Tusubiri hali itulie," Tembo akamaliza, na wote wakapiga makofi.

Sikudhani akarudi kwake, akakaa juu ya jabali akawaza. Angeweza kuwachukia, na kwa kweli siku mbili tatu aliwachukia hasa. Lakini chuki haiwashi balbu. Akaanza kuwawaza kwa namna nyingine, akijiuliza hawa wakubwa ni kitu gani ambacho hawajawahi kukikataa.

Jibu halikumchukua muda. Wakubwa wa Bonde la Ngurumo walikuwa hawana nafasi ya kazi, lakini hawajapata kukosa sherehe. Ukimwita mmoja wao mgeni rasmi, atakuja hata akiwa na homa. Tembo aliwahi kutembea kutwa nzima kwenda kukata utepe wa choo cha shule ya nyani, akahutubia mpaka wanafunzi wakasinzia. Na desturi ya huko mnaijua: mgeni rasmi haji mikono mitupu, tena akifika ni lazima aanze kazi kwa mkono wake, watu wote wakiona.

Sikudhani akamfuata Fundi Kindi, yule anayepanda nguzo na kukimbia juu ya waya, akamweleza alichokusudia. Kindi akashika kichwa.

"Dada Sikudhani, wakigundua watatukanyaga."

"Watagundua tu, fundi. Mimi ninachoomba ni wagundue taa zikiwa zinawaka."

Basi akaenda kwa Mzee Tembo, akapiga goti mlangoni, akabisha hodi kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni habari za nguzo, tulishasema tusubiri."

"Sikuja kwa nguzo, mzee. Nimekuja kwa uzinduzi."

Tembo akasimamisha masikio. "Uzinduzi wa nini?"

Sikudhani akaeleza kwamba wananchi wa mwisho wa waya wameamua kuanza wenyewe, polepole, kwa nguzo moja tu. Sasa wamekaa wakajiuliza ni nani mwenye hadhi ya kuizindua, na jina limetajwa moja. Kutakuwa na meza kuu, kutakuwa na utepe, akina mama Kanga wataimba. Kitu kimoja tu kinawapa shida: nguzo ya mgeni rasmi haifai kuwa kijiti cha kuokota. Inatakiwa aichague mwenyewe msituni, ifanane na yeye.

Tembo akajifanya anafikiri. "Na Kiboko ameambiwa?"

"Mzee, tukimwambia si ataona wivu?"

"Ni kweli," Tembo akasema. "Usimwambie."

Siku ya siku Tembo akatokea na gogo ambalo lingetosha kubeba daraja. Kanga wakapiga vigelegele mpaka majabali yakaitika. Sikudhani akasoma risala ndefu. Tembo akachimba shimo kwa pembe zake, akalishika gogo kwa mkonga, akalisimika, puu! Ardhi ikatikisika. Akaacha na magunia ya mahindi kwa ajili ya "kuwatia moyo wananchi," akahutubia juu ya umuhimu wa nguzo, akaondoka na taji la maua shingoni. Yale mahindi Kindi akayavusha mto, akayabadilisha kwa wauza waya.

Kesho yake Sikudhani alikuwa kwa Kiboko, akimwomba awe mgeni rasmi wa uzinduzi wa kuzibua mfereji. Kiboko alishuka na tumbo lake kwenye tope, akapanda na kushuka mbele ya watazamaji, na kwa kuwa walikuwa wanamshangilia alikataa kutoka mpaka maji yakaanza kutiririka. Siku nyingine ikawa zamu ya Bwana Nyati, mgeni rasmi wa uvutaji wa waya. Alifungwa waya kwenye pembe zake, kanga wakaimba jina lake, akavuta kutoka nguzo moja hadi nyingine bila hata kuomba maji.

Mnasema mbona ni nguzo moja tu? Subirini. Wiki iliyofuata Sikudhani alirudi kwa Tembo kumwomba azindue nguzo ya kwanza ya kwenye kona. Kisha nguzo ya kwanza baada ya daraja. Kisha nguzo ya kwanza ya mteremkoni. Kila nguzo ilikuwa ya kwanza mahali fulani, na kila ya kwanza inataka mgeni rasmi. Mfereji nao ulikuwa na uzinduzi wa juu, wa katikati na wa chini. Nyati alizindua waya mpaka shingo ikavimba, na hakulalamika.

Msidhani Sikudhani alikuwa anacheka. Tumbo lilikuwa linakua, na kila jioni alikuwa akiandika risala nyingine ya kuwasifu wale wale walioiua balbu yake. Wakati mwingine kalamu ilikuwa inamwia nzito, akaiweka chini akatazama mawe yake. Halafu anaichukua tena anaandika, "Mheshimiwa mgeni rasmi."

Kulikuwa na mara ambazo mambo yalitaka kuharibika. Tembo akiwa msituni alisikia vigelegele vya upande wa mto, akamuuliza Sikudhani kuna nini. Akajibiwa ni harusi ya kanga. Baada ya siku chache akavisikia tena.

"Hawa kanga mwaka huu wanaoana sana," Tembo akasema.

"Ndiyo, mzee. Hali ikiwa ngumu watu wanapenda kuwa wawili."

Ikabaki kazi moja tu, ya kubonyeza swichi kubwa pale kwenye gurudumu ili waya mpya upate umeme. Hapo ndipo Sikudhani alipokwama. Swichi ni moja na wageni rasmi ni watatu, na kila mmoja alikuwa ameshaahidiwa siku hiyo. Alipanga hili akapangua, akapanga lile akapangua. Akamwambia Kindi wasubiri kidogo apate akili nyingine.

Lakini watoto hawakusubiri. Asubuhi moja ya ukungu na manyunyu, baridi ikiwa imeshuka mpaka mawe yanauma, Sikudhani akajifungua mapacha. Aliwagusa miguu akasikia ule ubaridi anaoujua. Akamwita Kindi.

"Kimbia ukawashe."

"Na mgeni rasmi je?"

"Fundi, nimesema kawashe!"

Kindi akakimbia juu ya waya mpya, kwichi kwichi kwichi, akafika kwenye gurudumu akabonyeza. Na bonde zima likawaka. Si mwanga ule wa zamani wa kubembeleza. Ulikuwa mwanga mweupe, umetulia, kuanzia nyumba ya kwanza hadi majabali. Balbu ya Sikudhani ikaanza kutoa joto, na wale mapacha wakanyoosha miguu.

Haikupita muda, mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Tembo, taji la maua lililonyauka bado liko shingoni.

"Nani amewasha umeme wangu bila mimi kuwapo?"

"Umeme wako?" Kiboko akauliza, naye akiwa amefika akihema, tope mpaka puani. "Aliyezindua mfereji ni mimi."

"Ngojeni kwanza," akasema Nyati nyuma yao. "Waya nimezindua mimi."

Wakatazamana. Tembo akageuka akaitazama njia, nguzo moja baada ya nyingine, na kila nguzo alikuwa anaikumbuka. Kiboko akajitazama lile tumbo lililochubuka. Nyati akajipapasa shingo. Kila mmoja alikuwa anafanya hesabu ya aibu yake.

Kisha Tembo akakasirika kweli. Akauzungusha mkonga wake kwenye nguzo iliyo mlangoni pa Sikudhani, akaishika tayari kuing'oa. Waya ukalia juu. Ndani, balbu ikapepesa.

Sikudhani akatoka nje. Alikuwa bado hana nguvu za kusimama, akaegemea mlango.

"Ing'oe, mzee. Umeisimika mwenyewe, nguvu za kuing'oa unazo. Ila ukishaing'oa, ingia ndani uwabebe wanangu, maana mimi wa pili sitaweza kumwona anapoa."

"Ungetuambia ukweli!" Tembo akanguruma.

"Niliwaambia. Nilisimama kwenye kikao nikawaambia mwanangu amekufa. Mkanipa pole, mkapiga makofi. Nilipowadanganya, mkaja na magogo."

Nyati akainamisha kichwa, akachungulia dirishani. Akaona vitoto viwili havijafungua macho vizuri, vimelala chini ya balbu, tumbo linapanda na kushuka. Akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole kwamba redio yake jioni anaweza kuipunguza sauti, na zile taa za uani kwa kweli hajui anamwashia nani. Kiboko akasema kuoga anaweza kuoga mchana.

Mkonga wa Tembo ukalegea, ukaiacha nguzo. Akaisukuma kidogo kwa paji la uso kuona kama imekaa sawasawa, halafu akaishindilia udongo chini kwa mguu, kwa upole ambao hamngeutarajia kwa mwili ule. Wakaanza kuondoka, na manyunyu yanawanyea.

Tembo akafika kwenye kona akasimama. Akarudi mwenyewe. Akajikohoza.

"Kule kwa akina Nungunungu, nyuma ya kilima, umeme umefika?"

"Bado, mzee."

"Aha." Akatazama juu, akatazama chini, akatazama tena juu. "Mgeni rasmi mmeshampata?"

Sikudhani akacheka, akacheka mpaka akaketi kizingitini, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka kwa ajili ya yule wa kwanza.

"Tumempata, mzee," akasema. "Tafuta gogo."

Na hadithi yangu naitua hapa, wanangu, niliyokuja kuwaambia ni haya: kila mtu akisubiri hali itulie, mahali fulani yupo mdogo ambaye hawezi kusubiri.