Majigambo ya Damascène

Dua la kuku halimpati mwewe. Maana yake ni kwamba kilio cha mnyonge hakimdhuru mwenye nguvu. Usemi huu ni mchungu kama shubiri, na Damascène aliuonja mwaka 1953, huko Masisi, mashariki mwa Kongo.

Damascène aliongoza wachezaji wa intore, ngoma ya mashujaa ya Wanyarwanda. Kila alipofika mgeni mkubwa, Mzungu mwenye shamba la pareto aliwachezesha juu ya jukwaa la mbao, ukingoni mwa korongo, ili wageni waione milima nyuma yao. Mbao zilikuwa zimeoza. Pasaka iliyopita mwenzao Védaste alianguka, akavunjika kiuno, akafukuzwa. Hata hivyo, nani angekataa kucheza? Ng'ombe wao walilishwa katika ardhi ya Mzungu huyo, na chama cha kuwatetea hawakuwa nacho.

"Kaka, ile mbao ya katikati iko inalia," alisema Rukara, mdogo wake. "Tutakufa pale."

"Kesho administrateur anakuja. Nitamwambia yote mu majigambo. Muntu akijigamba, hata mwami hawezi kumukatiza."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Aliyejigamba na mkuki mkononi alisikilizwa na wakubwa, hata na mwami, mfalme wao, hadi mwisho.

Kesho yake Damascène alisimama mbele ya administrateur, yaani mkuu wa teritwari. Kwa Kinyarwanda, lugha ya majigambo, alimtaja Védaste, akazitaja mbao, akawataja ng'ombe. Hakubakiza neno. Wenzake walitokwa na machozi ya fahari.

Masikini, mkuu hakuijua lugha ile! Alimgeukia Michel, karani wa shamba. Michel akamtupia jicho bwana wake, yule Mzungu.

"Anashukuru," alitafsiri kwa Kifaransa. "Anasifu jukwaa."

Mkuu akapiga makofi kwa nguvu. Damascène, asiyejua Kifaransa, aliyaona makofi tu.

"Rukara, amesikia!" alinong'ona. "Hii njo mara ya mwisho tunacheza hapa. Tucheze!"

Rukara aliruka kwa furaha kuliko siku zote. Aliposhuka, ubao wa katikati ulikatika. Walimwokota chini ya korongo, roho imeshatoka.

Msibani Michel alikuja, akaungama tafsiri yake ya uongo huku akilia. "Nisamehe, Papa Damascène. Niko na watoto."

Jumapili iliyofuata walikuja wageni wengine. Ubao mmoja mpya ulikuwa umepigiliwa katikati ya zile za zamani, naye Damascène akapanda kucheza, kwa kuwa ng'ombe walihitaji majani. Ama kweli, dua la kuku halimpati mwewe.