Kwa Nini Udongo wa Tambarare Hautunzi Kitu

Wakati huo, wajukuu zangu, udongo wa huku tambarare ulikuwa mweusi kama ule wa mlimani. Jani likianguka, ardhi ililipokea ikalitunza. Mfinyanzi, ule udongo laini unaonata, ulikishika kila kilichooza usikiachie, na kwa kuwa kulikuwa na baridi, wadudu wa ardhini walikula polepole. Hivyo ardhi ilinenepa mwaka hadi mwaka.

Watu waliweza kusema na jua na mvua, wakasikilizwa. Hapa aliishi Senzighe na mkewe Nakijwa, pamoja na binti yao mmoja tu, Kadeghe. Senzighe alikuwa mchapakazi, lakini kungoja hakukujua. Mtama ulichelewa kukomaa kwa baridi ile, na mfinyanzi uling'ang'ania jembe lake kila alipolima. Asubuhi moja alisimama katikati ya shamba akaliita jua: "Shuka karibu, mtama wangu ukomae upesi!" Kisha akaiita mvua: "Nawe nyesha kwa nguvu, uniondolee huu mfinyanzi. Umenichosha."

Nakijwa akaacha kulima. "Baba Kadeghe, huo unaoufukuza ndio ulioshika kila kitu. Utatubakishia nini?"

"Nitakubakishia ghala lililojaa," akajibu.

Jua likashuka. Mvua ikanyesha siku tisa, ikauosha mfinyanzi mpaka bondeni ukatulia huko. Ndiyo maana mbuga ya kule chini ni nyeusi hadi leo. Huku kwetu ukabaki mchanga. Nanyi msidhani balaa lilionekana mara moja. Wadudu wa ardhini walipopata joto, na hakuna tena mfinyanzi wa kuwazuia, waliivamia akiba ya miaka mingi wakaila kwa pupa, na mtama ukanawiri kwa makombo yao. Mwaka ule watu walivuna mpaka wakakosa pa kuweka. Walimbeba Senzighe mabegani wakiimba jina lake. Nakijwa hakuimba.

Mwaka wa pili mavuno yakawa nusu. Mwaka wa tatu hapakuwa na cha kuliwa, si na mtu, si na mdudu. Unono wote wa ardhi ulikuwa umepanda angani kama pumzi. Senzighe akatoka nje, akalisihi jua lirudi lilikokuwa.

"Hapa nimeshazoea," likasema jua.

Njaa ile ikamchukua Kadeghe, akiwa na miaka sita. Nakijwa alikataa azikwe pale. "Mchanga huu hautamtunza mwanangu," alisema. Akamfunga mgongoni kwa kaniki, akapanda naye mlimani kwa kaka yake Mshitu, ambako baridi ilikuwa haijaondoka na udongo ulikuwa bado mweusi. Mshitu alimwona akija, akasimama mlangoni.

"Kaka, naomba mahali pa kumlaza. Padogo tu."

"Mlipokuwa mnavuna mlituita wavivu," akasema Mshitu, bila kumtazama mtoto. "Rudi ukamzike kwenye ardhi ya mumeo."

Akarudi. Wakamzika Kadeghe mchangani, na kabla mwaka haujaisha upepo ukawa umepasawazisha pale mahali, mama mtu asijue apige magoti wapi. Hakumsemesha mumewe tena mpaka alipokufa. Senzighe yeye aliishi miaka mingi, na alilima kila siku.

Na tangu siku hiyo udongo wa huku umepauka. Ukiupa samadi, msimu mmoja imekwisha, imepanda angani. Wa mlimani, wenye mfinyanzi na baridi yao, wanachokiweka leo wajukuu wao watakikuta. Na tangu siku hiyo sisi wa tambarare hatuendi kwenye misiba ya mlimani. Mwaka huu nimesikia kwao nako joto limeanza kupanda, na mashamba yao yanageuka rangi. Walimtuma mtu aje atuulize wafanyeje.

Hatukumjibu.