Mikono ya Nthambi

Saa kumi na moja alfajiri, wasichana wakiwa bado wamejifunika gubigubi bwenini, moshi ulikuwa umekwisha kutanda juu ya jiko la shule moja ya sekondari nje kidogo ya Masii. Humo jikoni alikuwamo Nthambi, mwanamke wa miaka ishirini na saba, akikoroga uji kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Uji wake ulisifiwa shule nzima. Hata hivyo, palikuwa na jambo ambalo wanywaji wa uji ule hawakulijua, na Nthambi alimwomba Mungu wasilijue kamwe.

Mikono yake ilikuwa ikishtuka. Haikutetemeka kama ya mtu mwenye homa. Ilishtuka ghafla, mara moja au mbili, kama ya mtu aliyeguswa na waya wa umeme. Jambo hilo lilimjia asubuhi tu, hasa akiwa hakulala vya kutosha. Kikombe kiliruka, kisu kikaanguka. "Ni ganzi tu," alizoea kusema huku akicheka, na moyo ukimdunda kama mchi kinuni.

Alijua vyema alichokiogopa. Alipokuwa mdogo, jirani yao aliyeitwa Kavata alikuwa na kifafa. Siku moja Kavata alianguka kando ya meko mbele ya watu waliokuja matangani. Povu lilipomtoka, watu wazima na akili zao walirudi nyuma wakidai kwamba povu lile huambukiza. Mkono wake uliungua mpaka kiwiko kabla ya mtu kuthubutu kumvuta. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula tena chakula cha Kavata. Baadaye Nthambi alifundishwa shuleni kwamba yale yalikuwa maneno ya ujinga, lakini hofu haisomi vitabu. Mpishi ambaye chakula chake hakiliwi ni mpishi gani? Na mwanawe Mumo, aliyekuwa darasa la kwanza, angelishwa na nani?

Mwezi wa Februari, baada ya kukesha katika matanga ya shangazi yake, Nthambi alianguka uani akifua nguo. Alipozinduka, ulimi ulikuwa na jeraha la meno, nguo zimelowa, na dada yake Kamanthe, muuza mboga sokoni, alikuwa amempakata kichwa huku akilia.

"Ni uchovu tu," Nthambi alisema kwa ulimi mzito.

"Uchovu gani unamkunja mtu hivyo? Amka, tunaenda Machakos sasa hivi!"

Hospitalini walipokewa na Daktari Mwanzia, mtu mpole aliyeongea polepole. Alimwomba Kamanthe asimulie alichokiona, kisha akabaki na mgonjwa peke yake.

"Kabla ya siku hii, umewahi kuona mikono ikirukaruka asubuhi? Kuangusha vitu bila kutaka?"

"Hapana, daktari." Uongo ulimtoka laini kama mafuta.

Daktari alimtazama kitambo, akaandika. Alimweleza kuwa atafanyiwa kipimo cha mawimbi ya ubongo. "Usilale usiku mzima wa kuamkia siku ya kipimo. Usinywe chai wala kahawa. Osha nywele, usipake mafuta. Ubongo ukichoka, tatizo lililojificha huonekana kwa urahisi zaidi."

Maneno hayo yalimkata Nthambi maini. Kukosa usingizi ndiko kulikomwangusha. Je, akianguka mbele ya mashine, si ataandikwa kifafa kwa wino usiofutika? Usiku wa kuamkia kipimo alimwambia Kamanthe kwamba angekesha mwenyewe, kisha akafunga mlango na kulala fofofo hadi jogoo akawika.

Asubuhi hiyo mtaalamu wa kipimo, dada mmoja aliyeitwa Hafso, alimpaka kichwani dawa nzito kama gundi na kumbandika nyaya nyingi.

"Umelala saa ngapi, dada?"

"Sijafumba jicho."

Kipimo hakikuonyesha kitu. Daktari Mwanzia alimwonya kwamba matokeo safi hayakuwa na maana kuwa hana ugonjwa, na kwamba arudi upesi akiona dalili yoyote. Nthambi alisikia nusu ya kwanza tu. Aliikunja karatasi ya matokeo akaificha ndani ya Biblia yake, na kila mikono iliposhtuka aliikumbuka karatasi hiyo akajiambia, "Mashine imesema mimi ni mzima."

Wiki tatu baadaye Mumo alishikwa na kikohozi, na Nthambi akakesha naye. Alfajiri aliingia jikoni macho yakimwasha. Yeye na Mzee Nzuki, mpishi aliyefanya kazi hapo tangu shule ifunguliwe, walishika sufuria kubwa ya uji, kila mmoja upande wake, wakaiinua kuiteremsha kutoka mekoni.

Mikono ya Nthambi ilishtuka.

Sufuria ilipinduka. Uji uliokuwa ukitokota ulimmwagikia mzee kutoka gotini hadi unyayoni. "Aiya!" Ukelele wake uliwaamsha wasichana bwenini. Nthambi alimimina maji baridi kwenye mguu ule debe baada ya debe, akilia, huku vidole vyake vikiendelea kurukaruka mbele ya macho ya kila mtu.

Jioni alikwenda kumwona mzee wodini. Alisimama kando ya kitanda, asijue pa kuweka uso.

"Mzee, nisamehe. Mkono uliteleza."

"Haukuteleza, mwanangu," Mzee Nzuki alisema kwa sauti ya chini. "Hii si mara ya kwanza. Nimekuwa nikikuona tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Na mimi nilikosea kwa kunyamaza. Mara hii ni mguu wa mzee. Kesho kutwa itakuwa mtoto wa mtu."

Nthambi aliketi chini sakafuni, akajifunika uso kwa leso. Akamweleza yote: kuhusu Kavata, uongo aliomwambia daktari, na usingizi wa siku ya kipimo. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa nenda ukamwambie anayeweza kukusaidia."

Daktari Mwanzia hakumkemea. Alipanga kipimo cha pili.

Safari hii Kamanthe alikesha naye. Walipukuchua mbaazi gunia zima. Kila kichwa cha Nthambi kilipoinama, dada yake alimfinya. Ilipofika saa tisa usiku, Nthambi aliweka chini ganda lililokuwa mkononi.

"Kamanthe, nikianguka je?"

"Nitakushika."

"Povu likitoka?"

"Nitalipangusa. Pukuchua mbaazi!"

Asubuhi, katika chumba cha kipimo, Hafso alimtaka apumue kwa nguvu, kisha taa ikaanza kumemeta mbele ya macho yake, polepole, halafu haraka, halafu haraka zaidi. Nthambi alihisi kitu kikikusanyika mabegani kama radi. Mikono ikaruka. Alitaka kupiga kelele, kung'oa nyaya, kukimbia.

Taa ilizimwa papo hapo. "Niko hapa, dada," Hafso alimwambia. "Usiogope. Tumeona tulichokuwa tunakitafuta. Sasa lala."

Alilala. Alipoamka, Hafso alikuwa akimsafisha kichwa taratibu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu.

"Ni kifafa," Daktari Mwanzia alisema alasiri ile. Neno lenyewe lilitua chumbani kama jiwe, lakini paa halikuanguka. Alieleza kuwa ugonjwa huo hauambukizi, na kwamba aina aliyo nayo Nthambi huanza kwa mishtuko ya asubuhi na huchochewa na kukosa usingizi. Alimwandikia dawa inayomfaa mwanamke wa umri wake, akamwagiza alale mapema na akae mbali na moto hadi atakaporuhusiwa.

Siku iliyofuata Nthambi alimweleza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alimhamishia ghalani kupima mahindi na maharagwe. Si wote waliompokea vyema. Mpishi mmoja alikataa kutumia kikombe alichonywea Nthambi, na hilo lilimuuma. Lakini wiki zilipita, na asubuhi moja alitambua kwamba mikono yake ilikuwa imetulia mwezi mzima. Mzee Nzuki alirudi kazini akichechemea, akaingia ghalani kuchukua mahindi ya muthokoi, yale yaliyokobolewa ili yapikwe na maharagwe.

"Mikono inaendeleaje?" aliuliza.

"Imetulia, mzee. Laiti ningalisema mapema, mguu wako ungalikuwa mzima."

Mzee aliutazama mguu wake wenye makovu, kisha akamtazama usoni. Hakumfariji kwa uongo.

"Ndiyo," alisema. "Wahenga hawakukosea, mwanangu: mficha uchi hazai."