Mkono Nje ya Pazia

Tulieni, jamaa zangu. Hadithi hii haikimbii, na mwisho wake nitauacha mikononi mwenu. Kwa hiyo sikilizeni tangu mwanzo.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa Lindi, na kila mmoja Mungu alimjalia kipaji chake.

Wa kwanza ni Bushiri, fundi wa mashine za kusaga. Huyo alijaliwa masikio. Mashine ikinguruma mtaa wa tatu, yeye amekaa barazani anakula muhogo, atakwambia beringi ipi imechoka.

Wa pili ni Hashiri, fundi wa vitasa. Huyo alijaliwa vidole. Kwa spoku ya baiskeli hufungua mlango wowote kabla hujamaliza bismillahi, wala hauachi na mkwaruzo.

Wa tatu ni Bi Sikudhani, mwosha maiti. Huyo alijaliwa mikono inayojua. Miaka ishirini amewaosha wanawake wa mji ule, na mkono wake haukuwahi kukosea.

Watatu hao walikuwa wakitafuta kitu kimoja, chumba. Na chumba kilikuwa kimoja, uani kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane. Mumewe, Mzee Ng'itu, alikijenga chumba kile mwenyewe, akakitia mlango mzito wa mninga na kitasa cha kujifunga chenyewe, akasema, "Mke wangu, nikitangulia mimi, chumba hiki kitakutunza." Hakuwahi kumwona mpangaji. Alitoka asubuhi kwenda shambani, na adhuhuri watu wakagonga mlango, ngo, ngo, ngo, wamembeba. Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Basi Bi Somoe akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Naye maisha yake yote hakuwahi kupangisha hata banda la kuku. Shemeji yake, Mfaume, akaja akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, mwanamke aliye edani hawezi kuchagua mpangaji asiyemwona. Mimi ninaye mtu wangu. Nakupa mpaka Ijumaa baada ya swala. Ukishindwa, namleta."

Bi Somoe alielewa. Akishaingia mtu wa Mfaume uani, ua umeshakuwa wa Mfaume, na yeye na binti yake Mwajabu watakuwa wageni nyumbani kwao. Mwajabu ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye.

Akatangaza chumba. Alhamisi alasiri, wale watatu wakaja kwa pamoja, na mvua ikawafungia ukumbini. Wakaketi mkekani, wakapewa chai. Bi Somoe akakaa nyuma ya pazia na tasbihi yake. Hakuwa na macho ya kuwapima, ila swali moja tu, nalo alimwuliza kila mmoja, "Ulikokuwa ukikaa, umehama kwa nini?"

Bushiri akasema, "Mama, nasikia mno. Jirani zangu, mume na mke, walinong'onezana ugomvi chumbani kwao. Asubuhi nikaenda kuwapatanisha. Wakapatana kweli, wakaungana kunifukuza."

Bi Sikudhani akacheka, "Masikio hayo ungeyaachia mashine, mwanangu!"

Hashiri akasema, "Mimi kila kilipopotea kijiko, macho yote kwangu."

"Uliwahi kuiba?"

"Sijawahi, mama. Lakini anayefungua milango yote, nani atamwapia?"

Bi Sikudhani akasema, "Mimi wananigongea wakati wowote, dada yangu. Kifo hakina saa. Mwenye nyumba akaniambia nawaletea mauti mlangoni, kana kwamba ninayaagiza."

Bi Somoe akavuta tasbihi. Wote watatu walikuwa wamesema kweli, na kila ukweli ulimtisha.

Sasa sikilizeni kosa la mwenye nyumba mgeni wa kazi. Chokaa ya kile chumba ilikuwa imegoma kukauka kwa ajili ya mvua. Bi Somoe alitaka wapangaji wakikute kikavu, wasije wakakisema. Akamwagiza Mwajabu aweke humo karai la makaa ya moto, afunge dirisha mvua isiingie, kisha afagie. Mwajabu akaenda, ufunguo kaufunga penye pindo la kanga. Upepo ukaubamiza mlango, na kitasa cha baba yake kikajifunga. Yeye akaendelea kufagia. Makaa yakala hewa ya chumba, wala hapakuwa na hata moshi wa kumshtua.

Ukumbini mvua ilikuwa ikipiga bati, hata mtu hamsikii mwenziwe. Bushiri akainua kichwa.

"Mama, nani anafagia uani?"

"Binti yangu."

"Ameacha. Na hakuacha kama mtu aliyemaliza."

"Labda amechoka," akasema Hashiri.

"Kimya wewe! Kuna kitu kimeanguka. Si ufagio, ni kitu laini." Bushiri akaruka, akatoka mbio kwenye mvua, akaweka sikio mlangoni. "Yumo humu!"

Bi Somoe akasahau pazia, akasahau eda. Akatoka vilevile alivyo, na dharura ina hukumu yake. Bushiri akaupiga mlango bega mara tatu, na mninga haukutikisika. Dirishani palikuwa na nondo.

"Ufunguo!"

"Anao yeye! Ni huo mmoja tu!"

Hashiri akapiga magoti matopeni, akachomoa spoku, akafumba macho. Bi Somoe akamwona akipapasa ndani ya kitasa cha marehemu kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mara moja. Mara mbili. Kitasa kikalia, ta! Mlango ukafunguka.

Wakamtoa Mwajabu, mwili umelegea, kifua hakipandi. Bushiri akamtegea sikio puani, hakusikia pumzi, akatikisa kichwa. Hashiri akasema, "Innalillahi." Akamfunika kanga usoni.

Bi Sikudhani akaifunua. Akatia vidole viwili chini ya taya, akangoja. Ee jamaa zangu, alingoja! Mvua inawanyea, Bi Somoe ameishika miguu ya mwanawe.

"Ondokeni," akasema Bi Sikudhani. "Maiti nawajua mimi. Huyu si wangu."

Akamwinua kidevu, akamziba pua, akampulizia pumzi mdomoni, tena na tena, mpaka Mwajabu akakohoa, akavuta hewa, akaita, "Mama."

Wakampeleka zahanati, na asubuhi akarudi kwa miguu yake. Sifa zote ni za Mola.

Ijumaa baada ya swala, Mfaume akafika na mtu wake na godoro lake. Wale watatu wamekaa mkekani, na Bi Somoe amerudi nyuma ya pazia.

"Ndio hao?" Mfaume akacheka. "Msikiliza kuta, mfungua milango, na mwosha maiti! Shemeji, umetafuta wapangaji au umetafuta balaa?"

"Bila masikio yangu," akasema Bushiri, "jana mngekunywa chai mpaka magharibi."

"Bila vidole vyangu," akasema Hashiri, "mngelia nje ya mlango."

"Na bila mikono yangu," akasema Bi Sikudhani taratibu, "mngemzika yu hai."

"Haya, shemeji," akasema Mfaume. "Chumba ni kimoja. Taja jina sasa hivi, au huyu wangu aingize godoro."

Bi Somoe akafumba macho. Kila alfajiri yeye humlilia Mungu kwa ajili ya mumewe, na maneno yale si ya mtu mwingine. Bushiri atayasikia yote ukutani. Kila usiku Mwajabu hulala nyuma ya mlango mmoja. Kwa Hashiri, huo si mlango. Na kila atakapogongewa Bi Sikudhani, ngo, ngo, ngo, Mzee Ng'itu ataletwa tena amebebwa. Lakini angepungua mmoja tu kati yao, leo yeye angekuwa na eda ya mume na matanga ya mtoto.

"Mwanangu, niambie wewe," akamnong'oneza Mwajabu, aliyekaa naye nyuma ya pazia.

"Mama, mimi sikusikia wala sikuona," akasema Mwajabu. "Usiniulize mimi."

Bi Somoe akasema bismillahi, akautoa mkono wake nje ya pazia, na kiganjani umelala ule ufunguo mmoja. Mikono mitatu ikanyooshwa kuupokea.

Mkono wa mjane bado uko pale, na Mfaume anahesabu dakika. Semeni, nyinyi mliosikia yote: ufunguo ule mngeuweka katika kiganja cha nani?