Bakuli la Bi Ghaniya

Wametusimulia wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zama za kale palikuwa na mwanamke mchaji akiitwa Bi Lubaba, na mumewe Bwana Hilal, mshona matandiko ya ngamia. Walijaliwa uwezo wa kwenda kuhiji wakiwa wameshaota mvi. Na watu wa zama zile, ndugu zangu, hawakuwa wakiondoka ovyo kama sisi. Anayekwenda kuhiji aliandika wasia, na akaorodhesha kila kilichomo nyumbani mwake, hata ufagio, ili akifia njiani warithi wasitoane macho.

Basi ilipobaki siku moja msafara uondoke, Bwana Hilal alikaa na kalamu, na Bi Lubaba akawa anamtajia.

"Mikeka minne. Magodoro mawili, moja limetoboka."

"Na kutoboka nako nikuandike?"

"Kuandike, bwana wee! Unataka kumdanganya mrithi?"

Wakacheka. Kisha Bi Lubaba akaingiza mkono nyuma ya mitungi ya unga, akatoa bakuli la shaba.

"Bakuli la shaba, moja," akasema Bwana Hilal huku akiandika.

"Futa, mume wangu. Hilo si letu."

Akamweleza huku machozi yakimlengalenga. Miaka saba nyuma alipougua homa, jirani yao Bi Ghaniya alimletea supu ya kondoo katika bakuli lile. Na ada ya mji ule ilikuwa kama yetu: jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu, walau tende tano utatia. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na nyumbani hamkuwa na hata tende moja. Bi Lubaba akaona haya. Akasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka akawa anakuonea haya kule kuchelewa kwenyewe. Kisha mwaka ule ule Bi Ghaniya akahamia mtaa wa juu kwa mwanawe, na bakuli likabaki.

Bwana Hilal hakumgombeza. "Lipeleke leo," alisema kwa upole. "Tutasimamaje Arafa na chombo cha watu kimo ndani?"

Bi Lubaba akalificha ndani ya shuka lake, akapanda mtaa wa juu. Bi Ghaniya alimpokea kwa furaha kubwa, akamkalisha, akamwita mke wa mwanawe, Nusaiba, awaletee maji. Nusaiba alipotoka kwenda kuyateka, Bi Ghaniya akasogea karibu na kushusha sauti.

"Mwenzangu, mimi naishi kwa tahadhari humu. Siku niliyohama huyu ndiye aliyenibebea vyombo, na bakuli la marehemu mama yangu sikuliona tena. Sijamwambia mtu. Lakini sanduku langu silali bila kulifunga."

Bi Lubaba alilibana shuka lake. Shaba ilikuwa imemgusa ubavuni. Shetani akamnong'oneza: kunywa maji, aga, rudi nalo, kesho uko safarini. Nani atajua? Naye, Mungu amrehemu, alikuwa binadamu kama sisi, akatamani kweli kuinuka. Ndipo Nusaiba akarudi na maji, akayatua kwa adabu bila kuinua macho, kama mtu aliyezoea kutazamwa mikono.

"Usiondoke, mwanangu," akasema Bi Lubaba. Akalitoa bakuli, akaliweka mbele yao wawili. "Bi Ghaniya, uliniletea supu ndani yake nilipokuwa na homa, ukasahau. Mimi sikusahau. Nilishindwa kulirudisha tupu, na haya zangu zimemla binti huyu miaka saba. Nisameheni."

Bi Ghaniya alilitazama bakuli, akamtazama Nusaiba, akaangua kilio. "Nisamehe, mwanangu. Nimekudhania wizi."

"Nilijua, mama," akajibu Nusaiba. "Nilikuwa nasubiri uniulize. Ungeniuliza siku ile ile ningekujibu."

Akampangusa mama mkwe machozi kwa ncha ya mtandio wake, kisha akamgeukia Bi Lubaba.

"Nimekusamehe, bibi. Nenda ukahiji kwa amani. Ukifika mbele ya Nyumba Tukufu, usianze na mimi, muombee mama. Mimi nilijua sikuiba, nikilala usingizi. Yeye ndiye aliyeishi na mwizi ndani ya nyumba miaka saba."

Bi Lubaba alihiji, na yasemekana dua yake ya kwanza ilikuwa ya Bi Ghaniya. Nasi tunajihesabia salama kwa kuwa dhana zetu hatujazitamka. Kama yuko mtu unayemtilia shaka moyoni mwako, ndugu yangu, muulize. Muulize leo, nawe upate kulala.