Kiatu cha Kushoto

Ko. Ko. Ko-ko.

Sauti ilikuwa ndogo na kavu, kama kuku anayedonoa bati. Ilisita kidogo, kana kwamba mwenye kuipiga anavuta pumzi, kisha ikaanza tena: ko, ko-ko. Binti mkubwa wa nyumba ile aliinua macho kitabuni, akatega sikio.

Mlio wa nyundo haukuwa jambo geni hapo. Baba yao alikuwa fundi viatu. Karakana yake ilikuwa chini, na familia iliishi juu yake, ngazi kumi na moja kutoka kwenye harufu ya ngozi na gundi. Lakini hiyo ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo nyumba nzima hujinyoosha. Baba alikuwa amejilaza sebuleni kwenye kiti, gazeti limemfunika uso, likipanda na kushuka kwa pumzi zake. Mama, mwoka mikate ambaye siku yake ilianza kabla jogoo hajakohoa, alikuwa chumbani akikoroma. Nani basi alikuwa anagonga?

Binti alifungua daftari lake na kuandika: "Siku ya nne. Saa nane na dakika kumi. Chumba cha pacha. Mapigo saba. Sauti ya mbao." Kisha akanyata hadi mlangoni mwa chumba kile na kuusukuma ghafla kama askari. Sauti ikakatika. Alipoingia, pacha walikuwa wamekaa kitandani bega kwa bega, macho yamewatoka, wapole kama mayai kwenye kapu.

"Mnagonga nini?"

"Hatugongi," alisema wa kike.

"Kitu," alimalizia wa kiume.

Aliwatazama kutoka juu hadi chini, akaona vumbi magotini mwao, akarudi kuliandika nalo: "Vumbi magotini." Hakuuliza lilitoka wapi. Watoto wa miaka mitano na vumbi ni ndugu, alijiambia, akafunga daftari.

Baba aliwaita pacha wale Soli na Kisigino, kwa sababu hukuweza kumpata mmoja ukamkosa mwenziwe. Soli, wa kike, ndiye aliyeanza sentensi. Kisigino, wa kiume, ndiye aliyezimaliza. Binti mkubwa naye aliitwa Profesa tangu siku alipomsahihisha mwalimu hesabu ubaoni akiwa darasa la pili. Jina lilimkaa kama ngozi kwenye kalibu ya kiatu. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, amefaulu kuliko wote shuleni kwao, na amepata nafasi katika shule ya bweni iliyokuwa safari ya siku nzima kwa basi. Mwaka huo alikuwa amerefuka kama mlingoti, na shingo yake ikarefuka pamoja naye. Alifikia hatua ya kutofunga hata kamba za viatu vyake. Alinyoosha mguu tu, na pacha wakagombania kuzifunga.

"Shingo hiyo, mwanangu," baba alimtania, "fundi gani ameitia ubao?"

"Sikuzaliwa kuinama, baba," alijibu, na wote wakacheka.

Likizo hiyo ndefu ilikuwa ya mwisho kabla hajaondoka. Asubuhi zote sita za wiki, mama akiwa kwenye tanuri na baba akiwa chini, kazi ya Profesa ilikuwa kuwalinda wadogo zake. Aliwalinda kama mtu anavyolinda mzigo stendi: jicho moja kwao, jicho la pili kitabuni. Nao hawakuchoka kumwendea.

"Dada, njoo mvunguni tukuoneshe kitu."

"Mvunguni ni pa paka."

"Dada, ukienda shule, sauti yako inabaki hapa?"

"Haibaki. Mwacheni mtu asome."

"Dada, kiatu kikiachwa na mwenzake, kinalia?"

"Kiatu hakilii, Kisigino."

"Lakini kimoja kinaweza kwenda peke yake?"

"Hakiwezi," alisema Profesa, akifunua ukurasa bila hata kuwatazama. "Viatu ni jozi. Kimoja kikibaki, cha pili hakina safari. Haya, nendeni mkacheze."

Pacha walitazamana kwa muda mrefu, kisha wakaenda kucheza. Kesho yake ndipo kugonga kulipoanza.

Sasa ikafika Jumapili. Kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri, basi lingeondoka. Sanduku lilikuwa wazi juu ya meza, sare zimekunjwa, na barua ya shule imebandikwa ukutani ili kila kitu kihakikiwe mara mbili. Barua ile haikuwa na mchezo. Ilidai viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, na ikasema kwamba mwanafunzi asiyefika Jumatatu, akiwa na vifaa vyake vyote, nafasi yake itapewa anayefuata kwenye orodha. Viatu hivyo baba alivishona mwenyewe kwa wiki tatu, kila jioni baada ya kazi za wateja, soli mbili-mbili, mshono mdogo kama mstari wa sisimizi.

Profesa alivuta boksi la viatu ili avitie sandukuni. Akafungua. Cha kulia kilikuwemo, kinang'aa. Cha kushoto hakikuwemo.

"Mama!"

Nyumba ikaamka yote kwa mara moja. Kabati likatapika nguo. Pipa la taka likamwagwa kwenye gazeti la baba. Mama alishika ufagio, akausukuma chini ya kila kitanda mpaka ukagonga ukuta, akautoa na soksi moja, kifuniko cha chupa na vumbi. Chini ya kitanda cha pacha hakuambulia hata vumbi.

"Huku kumesafishwa kuliko kwangu," alisema mama kwa mshangao, lakini hakuwa na nafasi ya kushangaa sana.

Kesi ikahamia kwa pacha. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawatisha. Baba alisimama nyuma yake, akawaahidi peremende mfuko mzima. Profesa alisimama katikati ya chumba, mrefu kama hakimu, akawauliza maswali ishirini na moja kwa mpangilio. Walinyamaza kama maji ya mtungini. Mara moja tu Soli alifungua mdomo, akasema, "Dada, si tulikuita—" na Kisigino akamfinya.

Saa kumi ilipopiga, baba alishuka karakanani. Profesa alimfuata. Alimkuta amepiga magoti sakafuni, kiatu cha kulia kiko mbele yake, anapima ngozi kwa chaki.

"Baba, kitawahi?"

"Hakitawahi. Gundi peke yake inataka siku mbili." Akakata ngozi hivyo hivyo, taratibu, kisu kikifuata mstari. "Lakini siwezi kukaa na kuitazama saa."

Profesa alikumbuka kila usiku aliosoma, kila mtihani, na sasa safari nzima imekwama kwenye mguu wa kushoto.

"Inuka basi, baba, ukae mezani. Utaumia mgongo."

Baba alicheka kidogo bila kuinua kichwa. "Miaka ishirini, mwanangu, nimepiga magoti mbele ya miguu ya watu. Ya tajiri, ya mchukuzi, ya bibi harusi. Mguu wa mtu haupandi mezani kuja kukuambia unapobanwa. Lazima uufuate ulipo."

Profesa alisimama pale na maneno hayo. Akatoa daftari mfukoni, akasoma tena alichoandika siku nne mfululizo, na safari hii alisoma kama mtu anayeuliza kwa kweli. Mapigo ya nyundo. Sauti ya mbao. Vumbi magotini. Mbao? Sakafu ya chumba cha pacha ilikuwa ya saruji, na kuta za matofali. Mbao zilikuwa za kitanda tu. Na mvungu uliokuwa msafi kuliko chumba cha mama, nani aliufagia kama si mtu anayeutumia kila siku kwa tumbo lake?

Ufagio ulipita chini, akawaza. Je, kitu kikiwa hakiko chini?

Alipanda ngazi zote kumi na moja kwa pumzi moja. Chumba kilikuwa kitupu, au kilionekana hivyo. Alisimama mbele ya kitanda kile kipana cha mbao, akakunja goti moja, akasita. Akakunja la pili. Akalaza shavu kwenye saruji baridi, akatambaa, kichwa kikagonga fremu, akauma ulimi, akaendelea. Mvungu ulikuwa mfinyu. Ilimbidi ajigeuze alale chali, na alipojigeuza, pumzi ikamkatika.

Kiatu chake cha kushoto kilikuwa juu ya pua yake.

Kilikuwa kimebanwa kwenye chaga, zile mbao zinazobeba godoro, kimeshikwa na mikanda mitatu ya mabaki ya ngozi, kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Kila mkanda ulipigwa misumari midogo ya viatu, miwili kulia na miwili kushoto. Kiatu chenyewe hakikuwa na hata mkwaruzo mmoja.

"Umeingia," ilisema sauti gizani, pembeni ya sikio lake.

"Mwenyewe," ilimalizia nyingine upande wa pili.

Pacha walikuwa wamelala chali, mmoja kila upande wake, nyundo ndogo ya baba mkononi mwa Kisigino.

"Kwa nini?" Profesa alifoka. "Mnajua mmenifanya nini? Kwa nini?"

"Ulisema mwenyewe," alisema Soli. "Kimoja kikibaki..."

"...cha pili hakina safari," alisema Kisigino. "Na hatukukitoboa. Baba anasema ngozi iliyokwisha haitobolewi tena."

Profesa alifungua mdomo ili awaonye mpaka wakome. Ndipo macho yake, yaliyokwisha kuzoea giza, yalipoona kwamba mbao zote za chaga zilikuwa zimechorwa kwa chaki ya kukatia ngozi. Kulikuwa na basi lenye magurudumu tisa. Kulikuwa na mkate mkubwa kuliko nyumba. Na kila ubao ulikuwa na watu watatu wameshikana mikono: wawili wafupi wanaocheka, na mmoja mrefu, mrefu mno, ambaye kichwa chake kilikuwa duara tupu.

"Huyu asiye na uso ni nani?"

"Wewe."

"Mbona wenzangu wana uso?"

Pacha walitazamana kama wanaoona haya kwa niaba yake. Kisha Soli akasema, "Hatuujui vizuri. Uko juu. Tukikutazama tunaona kidevu."

"Na matundu ya pua," alisema Kisigino.

Kicheko kilimtoka Profesa kabla hajakizuia, kikachanganyika na kitu kingine kilichomwasha macho. Asubuhi zote sita za wiki walimwita aje mvunguni. Yeye aliyefuatilia sauti kwa daftari na saa, hakuwahi kuuliza swali moja kutoka hapa, urefu wa kiwiko kutoka sakafuni, ambako dunia yote ilikuwa imechorwa na yeye peke yake hakuwa na macho.

"Haya," alisema taratibu. "Nitazameni sasa."

Soli alijivuta mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Alimkagua kama fundi anayekagua mshono. "Una doa kwenye nyusi," alitangaza. "Sikujua." Kisigino akachukua chaki. Akachora macho mawili, moja kubwa kuliko jingine, mdomo, na doa.

Ngazi zikalia. Viatu vya baba vikaingia chumbani, vikasimama, kisha uso wake ukatokea umepinduka ukingoni mwa kitanda, mama nyuma yake. Baba alikitazama kiatu. Akagusa msumari mmoja kwa kidole.

"Imekaa mstari," alisema, akijikaza asicheke. "Nani amepiga hii?"

"Mimi nimeshika," alisema Soli.

"Mimi nimegonga."

"Baba Pacha," mama alisema kwa sauti ya juu, "unawasifu? Ilibaki kidogo mtoto akose shule!"

"Nitawachapa kwa maneno kesho, basi likishaondoka. Leteni koleo."

Lakini Kisigino alikumbatia nyundo kifuani. "Tukikifungua, utaenda," alimwambia dada yake. "Halafu likizo utarudi..."

"...ukae huko huko juu," alimalizia Soli, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa yeye kumaliza sentensi.

Profesa aliwashika mikono, mmoja kila upande, kama kwenye michoro. Alikumbuka kwamba kwenye mtihani wa mwisho aliulizwa maana ya methali moja inayohusu mahali hapa hapa alipolala, akaijibu kwa mistari minne, akapata alama zote. Alikuwa ameijua kwa kalamu tu.

"Nisikilizeni, Soli, Kisigino," alisema kwa sauti iliyowafikia hata baba na mama. "Kila likizo nitakaporudi, kabla sijaketi, kabla sijafungua sanduku, nitaingia humu kwanza, mniambie yote."

"Hata ukiwa mrefu kama mlango?"

"Hata nikiwa mrefu kama mlango. Naahidi mbele ya baba na mama: nitalala chini na kutambaa, kwa maana mtaka cha mvunguni sharti ainame."